Kilichoimeza Sauti ya Apollinaire

Sauti ya Apollinaire ilianza kukwaruza baada ya Pasaka, na wa kwanza kuligundua jambo hilo alikuwa mkewe, Agathe. Mume wake alikuwa na desturi ya kuimba bafuni kila arudipo kutoka kazini asubuhi, na majirani wa ghorofa yao kule Point, mtaa wa bandarini huko kusini kwa Wazulu, waliochangia bafu hilohilo, walikuwa wamezoea kumsubiri amalize. Asubuhi ile aliuanza wimbo wa kwao Uvira, akafika penye kupanda, sauti ikakatika kama kamba iliyooza. Akakohoa, akaanza upya, ikakatika palepale. Akafungulia maji zaidi.

"Ni baridi ya usiku," alimwambia mkewe alipotoka. "Mobeni kule upepo unaingia mpaka ndani ya mifupa."

Agathe akamchemshia tangawizi. Hakuona sababu ya kuhangaika. Apollinaire alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la Mobeni, na mtu anayekesha nje ana haki ya kuumwa koo. Isitoshe, hakuna aliyeitunza sauti kama yeye. Pombe hakunywa, maji ya friji hakugusa, na mfukoni hakukosa karafuu za kutafuna. Kanisani kwao, katika ukumbi waliokodi karibu na bandari, alikuwa ameifundisha kwaya miaka mingi, na Wakongomani na Warundi walitoka mitaa ya mbali kuja tu kumsikia akianzisha zaburi. Wageni walipouliza Agathe ni nani, hawakuambiwa kwamba anauza ndagala, dagaa wa kwao, na pondu ya majani ya muhogo pale sokoni Warwick. Waliambiwa: huyo ni mke wa mwalimu wa kwaya. Agathe alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

Tangawizi haikusaidia. Mei ikapita, na majira ya baridi yalipoingia Apollinaire alikuwa akiongoza kwaya kwa mikono tu, mdomo umefumbwa. Akizungumza, ilikuwa kama mtu anayekokota gunia kwenye saruji.

Hapo ndipo jina la Ladislaus lilipoanza kutajwa.

Ladislaus alikuwa mtu wa Kigoma, fundi simu, na msaidizi wa Apollinaire kwenye kwaya. Mwanzoni mwa mwaka wawili hao waligombana mbele ya waimbaji wote juu ya nani aongoze kwenye harusi moja kubwa, na Ladislaus, akiwa amepandwa na hasira, alisema, "Sauti hiyo unayoringia itakauka, na hapo utanitafuta." Siku lilipotamkwa lilikuwa neno la hasira tu, watu wakalisahau. Sauti ilipokauka kweli, likageuka kuwa ushahidi.

Pastor Gilbert hakumtaja mtu kwa jina. Aliitisha mfungo, akashika maikrofoni, akasema kuna ulimi uliolifunga koo la mtumishi wa Mungu, na ulimi huo umekaa humuhumu ndani, upande wa kinanda. Upande wa kinanda, ukimwacha mpigaji, alikaa Ladislaus peke yake. Shingo zote ziligeuka. Haukupita muda akaambiwa apumzike kuimba. Kisha watoto wa shule ya Jumapili wakakatazwa na mama zao kukaa na binti yake, Lyse, na mtoto akawa anasubiri ngazini mpaka ibada iishe. Mwishowe familia hiyo haikuonekana tena.

Hakuna aliyekuwa mkali kama Agathe. Siku moja alimfuata Ladislaus kwenye meza yake ya kutengeneza simu, akamsimamia mbele ya wateja.

"Mrudishie mume wangu koo lake."

"Shemeji," Ladislaus alimjibu polepole, "mpeleke hospitali."

Agathe akatema mate chini, karibu na viatu vyake, akaondoka. Wateja nao waliondoka. Baada ya wiki chache meza ile haikuwapo tena pale Point. Jioni ya siku ile ya mate, alipomsimulia mumewe alivyofanya, Apollinaire aliendelea kuchovya ugali kwenye mchuzi mpaka ukawa uji. Hakusema kitu, na Agathe alidhani ni kwa sababu kusema kunamuumiza.

Binti yao Ghislaine, aliyekuwa mwaka wa mwisho sekondari, aliwahi kusema kwamba shuleni walifundishwa: sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mtu akaonwe na daktari. Agathe alimkatiza. Kliniki, alisema, wanauliza karatasi za ukaazi kabla ya kuuliza ugonjwa, na tena hili ni jambo la rohoni. Kwa wauza dawa za miti pale Warwick alinunua magome machungu, kanisani akachukua mafuta ya upako, na kila usiku kabla mumewe hajaenda kazini alimpaka shingoni. Vidole vyake ndivyo vilivyokutana na uvimbe. Ulikuwa upande wa kushoto, chini ya taya, mgumu kama kokwa la embe. Alipousukuma, haukusogea.

Hata hapo walingoja. Walingoja mpaka siku Apollinaire alipokabwa na tonge la ugali, akawa anavuta pumzi kwa mlio kama wa birika linalochemka. Ghislaine hakuomba ruhusa ya mtu. Alimshika baba yake mkono, akamteremsha ngazi, na Agathe akawafuata huku akifunga kitambaa kichwani. Nesi wa kliniki hakuuliza karatasi yoyote. Alisikiliza pumzi ile, akaweka mkono juu ya uvimbe, akawapeleka hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Kwenye ukumbi wa kusubiria mabenchi yalikuwa yamejaa. Wazulu waliotoka mashambani kabla ya mapambazuko, Wahindi wazee, vijana waliovaa sare za viwandani. Wanaume kadhaa walikuwa wamejifunga skafu shingoni, na mmoja alipoilegeza ili akohoe, Agathe aliona tundu, na ndani ya tundu bomba, na akageuza uso.

Daktari alikuwa dada kijana mwenye macho ya uchovu. Alipitisha mrija mwembamba wenye kamera puani mwa Apollinaire, akatazama kwenye skrini, akautoa, akavuta kiti akakaa mbele yao. Alizungumza Kiingereza, na Agathe, ambaye biashara ilikuwa imemfundisha, akawa mkalimani. Maumivu yalianza lini? Kula anaweza? Amepungua uzito?

"Anavuta sigara?"

Hilo Agathe hakulitafsiri. Alijibu mwenyewe.

"Hapana, daktari. Sisi ni watu wa kanisa. Yeye ni mwalimu wa kwaya."

Apollinaire akanyoosha mkono, akamgusa mkewe kiganjani.

"Usimdanganye daktari," alinong'ona.

"Nimemdanganya nini?"

"Mwambie navuta."

Agathe akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia chumbani kwake kwa kukosea mlango.

"Tangu lini?"

"Mbele ya kukujua wewe."

Daktari alikuwa anangoja. Agathe aligeuka, akasema kwa Kiingereza kwamba mume wake anasema ndiyo. Ngapi kwa siku? Apollinaire alijibu kwamba ni pakiti, na usiku ukiwa mrefu, zaidi. Agathe alitafsiri na hilo. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikitokea mbali.

Daktari hakukaripia. Alieleza kwamba kwenye kisanduku cha sauti kuna uvimbe mkubwa. Watakata kipande kidogo wakipime, lakini kwa alichokiona hana shaka sana kwamba ni kansa. Tumbaku ndiyo mama yake. Kama mgonjwa angekuja wakati sauti inaanza kubadilika, wangeweza kuuchoma kwa mionzi na huenda sauti ingebaki. Sasa, alisema, italazimu kutoa kisanduku chote cha sauti, ili mwenyewe abaki hai.

"Ni yeye peke yake?" Agathe aliuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hivyo.

"Mama, mabenchi yale mliyoyakalia hujaa kila wiki. Koo, mdomo, mapafu, shingo ya kizazi. Nchi nzima ni hivyo. Wengi wao ugonjwa usingewapata kabisa, au ungekamatwa ungali mdogo. Wanatufikia wamechelewa, na mashine za mionzi ni chache kuliko watu."

Ndani ya teksi ya kurudi mjini, Ghislaine alilala, au alijifanya amelala, kichwa kwenye bega la baba yake. Agathe alikuwa akipanga vitu kichwani mwake. Karafuu. Koti la kazini ambalo halikuwahi kufika nyumbani, kwa sababu, Apollinaire alisema, sheria ya kampuni ni liachwe ghalani. Kuoga kabla ya kumsalimu mtu. Miaka yote hiyo alikuwa amejisifu kwa wanawake wenzake kwamba mume wake ni msafi.

Walipofika, Ghislaine akaenda dukani, nao wakabaki wawili kwenye kile chumba chao kilichotengwa kwa mbao. Apollinaire alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Na Ladislaus?" Agathe aliuliza.

Agathe alilazimika kuinama ili amsikie.

"Mwanzo nilijua ni baridi. Kisha nikaogopa ni sigara. Halafu pastor akasema ni ulimi wa mtu. Nikaona, kama ni ulimi wa mtu, basi si sigara."

"Uliamini?"

"Nilitaka kuamini."

"Na mtoto wake alipokuwa anakaa ngazini?"

Apollinaire akafunika uso kwa mikono. Agathe alisimama juu yake. Angeweza kupiga kelele na ghorofa nzima ikasikia, lakini hasira yake haikuwa peke yake. Alikumbuka mate aliyoyatema karibu na viatu vya mtu. Apollinaire hakumtuma kutema mate yale.

Siku iliyofuata, kabla ya kupanga ndagala mezani, alizunguka Warwick nzima akiulizia fundi simu wa Kigoma. Alimkuta chini ya daraja, karibu na teksi za kwenda Umlazi, mahali ambapo wapiga debe walipiga kelele mpaka mtu hasikii wazo lake. Ladislaus alikuwa amekonda. Alimwona, akarudisha macho kwenye simu aliyokuwa ameifungua.

"Karibu, mama."

Zamani alikuwa akimwita shemeji.

Agathe akamweleza yote, akiwa amesimama, bila kujitetea. Alieleza ugonjwa na chanzo chake, akaeleza kwamba mumewe alijua, au alijua nusu, na akanyamaza. Akasema: "Na mimi nilikuja kukutukana. Nakuomba msamaha."

Ladislaus alichomelea waya, akapuliza.

"Mwalimu atapona?"

"Hawajui."

"Namwonea huruma. Kweli namwonea. Lakini sitaki kuombwa radhi chini ya daraja, mama. Mlinisema kwenye maikrofoni. Watu walikatazwa kumsalimia mke wangu. Lyse mpaka leo akisikia kwaya inaimba anaziba masikio. Huo msamaha wako, nitaupokea ukinifikia kwa njia ileile."

Mteja mwingine akafika na simu yake. Agathe akaondoka.

Majibu ya kipimo yalikuwa yaleyale aliyosema daktari. Mwezi wa kumi na moja Apollinaire alipasuliwa. Alipoamka alikuwa na tundu shingoni, anapumulia hapo, na mdomo wake ukawa wa kulia chakula tu. Alikuwa akiandika kwenye simu, taratibu, kwa kidole kimoja. Neno la kwanza alilomwandikia Ghislaine lilikuwa nisamehe. Kwa Agathe aliandika: Nenda ukaseme. Mimi siwezi tena.

Agathe alisoma, akaona uchungu ukimpanda. Wakati mumewe alipoweza kusema, hakusema. Lakini mtu amelala na mirija mwilini, utamwambia nini? Akamlainishia mto.

Alimwendea kwanza pastor, kwa heshima, nyumbani kwake. Pastor Gilbert alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa amezunguka kwa waumini kutafuta nauli za hospitali. Alijipangusa jasho.

"Mama Ghislaine, mimi nilisema nilichofunuliwa wakati ule. Sasa ukisimama useme mwalimu wa kwaya alikuwa mvutaji, vijana watajifunza nini? Yaliyopita si ndwele."

"Pastor, hii ndiyo ndwele yenyewe," Agathe alijibu. "Kama tusingeitafutia mtu wa kuisingizia, tungemfikisha kwa daktari mapema."

"Tuombee jambo hilo kwanza."

"Tumeshaliombea miezi sita."

Pastor hakumpa maikrofoni. Lakini kila Jumapili kulikuwa na saa ya ushuhuda, maikrofoni ikipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na Jumapili ile watu walifurahi kumwona mke wa mwalimu akisimama. Walidhani anashukuru kwa ajili ya operesheni. Mpiga kinanda alianza kumpigia taratibu, kama ilivyo desturi.

"Nashukuru mume wangu yuko hai," Agathe alisema. "Daktari ametoa kisanduku cha sauti. Iko kansa, na kansa hiyo imeletwa na sigara. Mume wangu amevuta tangu ujana wake, alituficha mimi na ninyi. Hakuna mtu aliyemfunga koo. Ladislaus hakumfanya kitu. Tulimsema uongo hapa, kwa maikrofoni hii, na mtoto wake tukamweka ngazini. Mimi nilikuwa wa kwanza. Namwomba msamaha mbele yenu. Na ninyi wenye sauti inayokwama, au donda lisilopona, au damu isiyo ya mwezi, msikae kama sisi. Nendeni kliniki."

Kinanda kilikuwa kimenyamaza tangu aliposema neno sigara. Agathe alishusha maikrofoni, na hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu, kana kwamba kuna kitu kinachoambukiza. Kisha pastor akaanzisha wimbo, ule wa watu wote, na watu wakauimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Baada ya ibada, mzee Niyongabo wa baraza la kanisa alimsubiri mlangoni. "Mwanangu, umemvua mume wako nguo sokoni," alimwambia. Agathe akampita. Siku zile watu wa kanisani waliacha kununua ndagala kwake. Apollinaire alipoulizwa kwa simu na wanakwaya kama ni kweli, aliwajibu wote kwa neno moja, ndiyo, na wengi wao hawakuandika tena.

Kwa Ladislaus habari ilifika jioni hiyohiyo. Hakurudi kanisani. Alimtuma mke wake kwa Agathe na kilo ya mchele, naye akauweka mlangoni, akasalimia, hakuingia.

Apollinaire aliwekwa kwenye foleni ya mionzi. Foleni ilikuwa ndefu, na kabla zamu yake haijafika uvimbe mwingine ukaota pembeni mwa tundu. Agathe alijifunza kusafisha bomba, kunyonya makohozi, kumgeuza ubavu. Usiku mwingine hasira ilimrudia na aliosha lile bomba huku analia, si kwa huruma. Apollinaire alimtazama, akajua, akafumba macho. Siku nyingine walikaa pamoja dirishani wakitazama meli zinavyoingia bandarini, naye akampigia mkewe mapigo ya nyimbo kwa vidole juu ya goti lake, Agathe akitaja ni wimbo gani. Alifariki mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi, Ghislaine akiwa chuoni.

Kwaya ilikuja kuimba makaburini. Waliimba vizuri. Wanaume walipopokezana majembe kufukia kaburi, Agathe alimwona Ladislaus katikati yao, ana suti nyeusi iliyombana. Alishika jembe, akafukia sehemu yake, akampa wa nyuma yake, akaondoka bila kumsalimu mtu. Agathe alitaka kumfuata. Wanawake walikuwa wamemshika mikono pande zote mbili, kama inavyofanywa kwa wajane, akabaki.

Wiki mbili baada ya kuvua kitambaa cha msiba alirudi Warwick. Hapo mezani, siku ya Alhamisi, akatokea Peguy, mwimbaji wa besi, mwanamume mnene ambaye hakuwahi kumsemesha tangu Jumapili ile. Alichaguachagua ndagala muda mrefu. Alingoja mteja wa mwisho aondoke.

"Mama Ghislaine," alisema, "angalia huku."

Akafungua mdomo, akainua ulimi. Chini yake, pembeni, palikuwa na donda jeupe lenye kingo nyekundu.

"Tangu lini?"

"Mbele ya mazishi. Mbele sana."

"Unavuta?"

Peguy akatazama teksi. "Kidogo. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, hajui. Nilifikiri wiki kesho, nikipata ruhusa kazini, unaweza kunisindikiza. Wewe unajua njia."

Agathe alihisi harufu ya dawa za ule ukumbi wa hospitali ikimjia puani, hapohapo katikati ya samaki. Alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena pale. Alifunika ndagala kwa nailoni, akamwomba jirani yake amwangalizie meza, akajifunga kitambaa vizuri.

"Leo," alisema. "Na tunapita kwanza kwako, bibi yako ajue."

"Mama, tafadhali."

"Tangulia."

Peguy akatangulia kuelekea daraja la waenda kwa miguu, bega limeshuka. Agathe akamfuata kwa nyuma, hatua chache tu, asije akapotea njiani kwa makusudi.